Kuchimba makaburi ya Kirumi: mwongozo kamili, kuanzia leseni hadi sanduku la mifupa

Katika makaburi ya Kirumi, ushahidi mkubwa haumo kwenye kitu chenyewe bali mahali kilipolala. Njumu za chuma zikiwa chini ya nyayo, marehemu alizikwa amevaa viatu. Zikiwa kando ya goti, kuna mtu aliyeviweka pale baada ya kumlaza. Kati ya maelezo hayo mawili ya mazishi kuna nusu mita tu, na pigo moja la sululu linatosha kuyachanganya yasitenganishike tena. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kulinda nusu mita za namna hiyo.

Tunazungumzia makaburi ya miji ya Kirumi nchini Uingereza, karne ya 1 hadi ya 4 BK, kwa sababu huko mengi yamechimbwa kitaalamu kabla ya ujenzi: Lankhills mjini Winchester, Poundbury mjini Dorchester, makaburi ya mashariki ya London, na yale ya Driffield Terrace mjini York. Ukichimba Italia au Tunisia utaratibu ni uleule, ila sheria na udongo vinabadilika.

Jua kwanza walivyozika

Sheria ya Meza 12, iliyotungwa Roma yapata mwaka 450 KK, ilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Ndiyo maana makaburi yao yako nje ya lango, yamejipanga kando ya barabara kuu, na ndiyo maana miji ya leo ikipanuka wajenzi huyafukua wakichimba misingi. Kwa vichanga kanuni haikushikwa sana. Wengi walizikwa chini ya sakafu au kando ya kuta za nyumba, na mwandishi wa Kirumi Plinius aliandika kuwa haikuwa desturi kumchoma mtoto ambaye hajaota meno. Usishangae basi ukichimba makaburi makubwa yenye vichanga wachache.

Katika karne ya 1 na ya 2 kuchoma maiti ndiko kulikoenea. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 2, na hasa karne ya 3, watu wengi wakazikwa mwili mzima. Desturi hizo mbili zilikaa pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo aina ya mazishi peke yake haitoshi kukupa tarehe.

Wafiwa walimwita marehemu kwa jina, wakamwandaa nyumbani, kisha msafara ukaenda makaburini. Karamu ya kwanza ililiwa palepale. Siku ya 9 walirudi na chakula, wakamwaga kinywaji kaburini, ndipo matanga yakaanuliwa. Kila mwaka, tarehe 13 hadi 21 Februari, familia zilirudi tena kwa ajili ya Parentalia, siku za kuwakumbuka wazazi waliokufa. Kwa mchimbaji, hilo lina maana moja kubwa: ardhi iliyo kati ya makaburi ni sehemu ya makaburi. Humo mna vigae vya vyombo vya karamu, mifupa ya kuku na nguruwe, mkaa wa moto mdogo, na mara nyingine bomba lililosimikwa ili divai imfikie marehemu. Huko Caerleon, Wales, lilipatikana bomba la risasi lililoshuka hadi kwenye chombo chenye mifupa iliyochomwa, na Isola Sacra karibu na Ostia shingo za mitungi bado zimesimama juu ya makaburi ya watu wa kawaida. Timu inayochimba mashimo tu na kuacha uwanda uliopo kati yake inatupa nusu ya mazishi.

Gharama nazo zilibebwa kwa pamoja. Maandishi ya jiwe kutoka Lanuvium, karibu na Roma, ya mwaka 136 BK, yanaeleza katiba ya chama cha kuzikana ambacho mtu wa Dar es Salaam au Kisumu atakitambua bila kuelezwa: kiingilio ni sarafu 100 za sesta na mtungi wa divai nzuri, mchango ni sarafu 5 ndogo za asi kila mwezi, na mwanachama akifa hutolewa sesta 300, ambapo 50 kati yake hugawiwa waliohudhuria uchomaji. Kwa hiyo ukikuta safu ya makaburi yanayofanana kina, mwelekeo na vyombo, usikimbilie kusema ni ukoo mmoja. Chama nacho huzika kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Ruhusa na bajeti

England na Wales, mifupa ya binadamu hainyanyuliwi bila leseni ya Wizara ya Sheria chini ya Sheria ya Maziko ya mwaka 1857. Leseni huja na masharti: eneo lizibwe lisionekane na wapita njia, mabaki yatendewe kwa heshima, na ijulikane yatazikwa upya au yatahifadhiwa wapi. Zungushia uzio wa turubai kabla fuvu la kwanza halijaonekana. Mabaki yakijitokeza bila kutarajiwa, simamisha kazi, yafunike, na uwaarifu polisi hadi ithibitike kuwa ni ya kale. Vitu vya dhahabu au fedha vyenye zaidi ya miaka 300 vina sheria yake, ya mwaka 1996, inayodai taarifa ndani ya siku 14.

Fedha za kazi ya baada ya uchimbaji zitengwe kabla ya uchimbaji. Kuosha, eksirei ya vyuma, kusoma mifupa, vipimo vya maabara na ripoti huchukua muda mrefu kuliko kuchimba kwenyewe. Mradi usiokuwa na fungu hilo huishia na masanduku yaliyopangwa ghalani bila kufunguliwa. Mtaalamu wa mifupa naye awepo uwanjani, si maabara tu, kwa maana maswali mengi hujibiwa mifupa ikiwa bado imelala.

Hatua ya 2: Kutafuta mipaka

Anza na ramani, kumbukumbu za matukio ya zamani na picha za angani. Kipima sumaku huonyesha vizuri mahali palipowaka moto, yaani mashimo ya kuchomea maiti, lakini kaburi la kawaida lililojaziwa udongo uleule uliotoka humo mara nyingi halionekani kabisa. Rada ya ardhini huona majeneza ya jiwe. Kutoona kitu kwenye vipimo hivi si ushahidi kwamba hakuna makaburi, na hili ndilo kosa linalowagharimu wajenzi miezi.

Kwa hiyo chimba mitaro ya majaribio, kwa kawaida mita 30 kwa 2, baadhi ikikata mstari wa barabara ya Kirumi na baadhi ikienda sambamba nayo. Tafuta mtaro wa mpaka, maana makaburi mengi yalizungushiwa mtaro ambao baadaye wenyewe ulijaa makaburi.

Hatua ya 3: Kuondoa udongo wa juu

Tumia ekskaveta yenye ndoo pana isiyo na meno, upana wa mita 1.8 hivi. Meno huchora mistari inayofanana na kingo za makaburi. Ondoa tabaka za sentimita 5 hadi 10 kila mara, mwanaakiolojia akiwa amesimama mbele ya ndoo muda wote. Simama pale mikato ya kwanza inapojitokeza, hata kama mkandarasi anataka ushuke zaidi. Makaburi ya vichanga na vyungu vya majivu hukaa juu kuliko yote, na ndiyo hupotea kwanza. Kigae kimoja cha chungu chenye vipande vyeupe vya mfupa kikitoka kwenye ndoo, mashine izimwe.

Kisha safisha uso wote kwa jembe na mwiko wa fundi. Mkato wa kaburi la mtu mzima huwa karibu mita 2 kwa sentimita 70, wenye pembe zilizoviringika. Kwenye mchanga au kokoto rangi hutofautiana kidogo sana. Nyunyiza maji, usubiri uso uanze kukauka, na uangalie asubuhi au jioni jua likiwa limelala: udongo uliowahi kuchimbwa hukauka kwa kasi tofauti na ule ambao haujaguswa, na kwa muda wa dakika chache mipaka hujionyesha. Weka msumari na utepe kwenye kila mkato papo hapo.

Hatua ya 4: Namba, na nani alizikwa kwanza

Mkato una namba yake, udongo uliojaziwa una yake, jeneza yake, mifupa yake, kila kitu kilichowekwa yake. Namba moja kwa kaburi zima inaonekana rahisi siku ya kwanza, na inakuwa balaa pale unapogundua kuwa shimo lilifunguliwa mara ya pili ili azikwe mtu mwingine.

Makaburi yakikatana, lichimbwe kwanza lile la mwisho kuchimbwa enzi hizo. Safisha pale yanapokutana hadi uone mstari wa nani amemkata nani. Usipouona, chimba yote mawili pamoja kwa tabaka nyembamba, ukiacha ukuta mdogo wa udongo katikati hadi uamuzi upatikane. Ukikosea mpangilio, mifupa ya mtu wa chini itaingia kwenye mfuko wa mtu wa juu, na mtu mmoja mwenye mapaja matatu atatokea kwenye ripoti. Mifupa iliyotawanyika ndani ya udongo wa kujazia nayo ikusanywe kwa namba ya udongo huo: ni mtu wa tatu, aliyesumbuliwa na wachimba kaburi wa Kirumi wenyewe.

Hatua ya 5: Kaburi la mwili mzima

Hapa ndipo pa kutulia. Panga kumaliza mtu mmoja kwa siku moja, watu wawili wakishirikiana. Mfupa uliofunuliwa na kuachwa juani hupasuka ndani ya saa chache, na ulioachwa usiku huvutia wezi. Usipoweza kumaliza, usifunue. Ukishafunua, funika kwa kitambaa chenye unyevu na plastiki juu yake.

Shuka kwa tabaka za sentimita 5. Ukikutana na mfupa wa kwanza, weka chini mwiko mkubwa. Kuanzia hapo ni mwiko mdogo wa jani, vijiti vya mianzi, kijiko na brashi laini. Chuma hukwaruza mfupa wenye unyevu, na mkwaruzo wa leo unaweza kusomwa kesho kuwa ni jeraha la upanga. Fuvu, magoti na vidole vya miguu ndivyo hujitokeza mapema. Fanya kazi kutoka katikati kwenda nje ili usilazimike kukanyaga ulichofunua, na laza ubao juu ya shimo wa kuegemea.

Misumari ya jeneza ipimwe mmoja mmoja, mahali na kimo, kabla ya kuing'oa, pamoja na upande ulikoelekea kichwa chake. Mbao zimeoza, lakini misumari hubaki kama vivuli vya pembe za jeneza. Ile iliyokaa juu ya mwili ni ya kifuniko kilichoanguka. Kutu mara nyingi huhifadhi nyuzi za mbao, kwa hiyo usiisugue. Kaburi lisilo na misumari halimaanishi hapakuwa na jeneza, maana yapo yaliyounganishwa kwa vigingi vya mbao.

Jibu la swali hilo limo kwenye mifupa yenyewe. Mwili ukioza ndani ya nafasi tupu, mifupa huanguka nje ya mipaka ya mwili: nyonga hufunguka na kulala bapa, magoti hudondoka pembeni, taya huachana na fuvu. Mwili ukizikwa moja kwa moja kwenye udongo, udongo huingia polepole mahali pa nyama na kuishikilia mifupa ilivyokuwa. Mabega yaliyobanwa, mitulinga ikisimama wima na miguu ikigusana vifundoni, ni dalili ya sanda iliyokazwa. Ukiona mstari ulionyooka ambapo mifupa imekomea ghafla bila kuvuka, kulikuwa na ubao pale hata kama hakuna msumari hata mmoja. Andika mambo haya kiungo kwa kiungo ukiwa bado shimoni. Picha haitakusaidia baadaye kujua kama goti lilikuwa juu ya udongo au limegusa sakafu.

Jaza fomu: mkao (chali, kifudifudi, ubavu), kichwa kimeelekea wapi, mikono imelazwaje, vimo vya fuvu, nyonga na miguu kutoka usawa wa bahari. Chora kwa kipimo cha 1:10. Piga picha wima zenye alama 4 zilizopimwa kwenye pembe, kisha mfululizo wa picha zinazopishana asilimia 70 hivi kwa ajili ya modeli ya kompyuta. Modeli haiondoi haja ya kuchora, kwani mchoraji hulazimika kuamua anachokiona, na uamuzi huo ndio data.

Vitu vilivyowekwa vipimwe kwa uhusiano wake na mwili, si kwa uhusiano na ukingo wa shimo tu. Bangili zilizozunguka mifupa ya mkono zilivaliwa. Bangili zilizolundikana miguuni ziliwekwa, pengine kwenye kifuko. Bizimu la bega la kulia lilifunga joho, wakati bizimu la pembeni ya kichwa lilikuwa zawadi. Sarafu ya kumlipa Charon, mvushaji wa wafu, hukutwa mdomoni au mkononi, lakini huko Uingereza walioipata ni wachache. Huteleza hadi shingoni, au hubaki kama doa la kijani kwenye taya, kwa hiyo udongo wote wa chini ya fuvu uchekechwe. Njumu za viatu zikiwa nyingi na katika mpangilio, zinyanyue pamoja na bonge la udongo, uzifunge kwa bendeji na kuzipeleka eksirei. Kuzichokonoa moja moja uwanjani ni kuharibu muundo wa soli ambao ungeonekana kwenye picha.

Sampuli za udongo zichukuliwe kwa mafungu: kichwa, kifua, tumbo na nyonga, mikono, miguu. Mtu mzima ana mifupa 206, na 106 kati yake imo mikononi na miguuni. Hiyo ndiyo hupotea kwa mchimbaji mwenye haraka. Chekeche isizidi milimita 2, na iwe milimita 1 kwa kichanga, ambaye vijimeno vyake visivyoota ni vidogo kama punje za mchele na ndivyo vinavyotoa umri sahihi. Eneo la nyonga linaweza kuwa na mifupa ya kijusi au mawe ya figo. Kwa mayai ya minyoo, chukua udongo kidogo juu ya mfupa wa mwisho wa mgongo, na mwingine wa kulinganisha kutoka fuvuni na miguuni. Mayai yakiwa kila mahali, yalikuja na udongo. Yakiwa nyongani tu, marehemu aliishi nayo.

Kwenye udongo wenye asidi mifupa inaweza kuwa imeyeyuka yote ikabaki rangi tu. Chimba kivuli hicho kama unavyochimba mifupa. Enameli ya meno hudumu hata hapo.

Hatua ya 6: Aliyechomwa

Tofautisha vitu vitatu ambavyo wengi huvichanganya: mahali pa kuchomea pa umma palipotumika mara nyingi, bustum yaani shimo ambamo kuni zilipangwa juu yake na marehemu akazikwa palepale, na kaburi la chungu ambamo mifupa iliyookotwa kutoka motoni ililetwa kuzikwa. Kingo zilizoungua na kuwa nyekundu huashiria moto wa palepale. Kingo safi zenye udongo mweusi zinaonyesha mabaki ya moto yaliyobebwa kutoka kwingine.

Shimo lote lichukuliwe, asilimia 100 ya udongo, kwa robo nne na tabaka nyembamba. Chungu kizima usikimwage uwanjani. Kizungushie bendeji, kichimbe pamoja na bonge la udongo, kinyanyue juu ya ubao, kisha kichimbwe maabara kwa tabaka za sentimita 2. Utaona kama waliweka miguu kwanza na fuvu mwisho, au walizoa tu bila mpango.

Mifupa hiyo huchujwa kwa nyavu za milimita 10, 5 na 2, na kila fungu hupimwa uzito. Mtu mzima akichomwa hutoa kati ya gramu 1000 na 2400 hivi. Chungu cha Kirumi chenye gramu 400 kinakuambia kuwa wafiwa waliokota sehemu tu, na hilo ni jambo la desturi, si uzembe wa mchimbaji, mradi umethibitisha kwamba jembe la mkulima halikukata mdomo wa chungu. Rangi inaeleza moto: nyeusi ni joto dogo, kijivu na buluu ni la kati, nyeupe ni zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Mifupa ya miguu ikiwa nyeusi huku ya kiwiliwili ikiwa nyeupe, kuni za pembeni hazikutosha au moto ulikufa mapema. Kioo kilichoyeyuka kilikuwa motoni pamoja na marehemu, ilhali kisichoungua kiliwekwa baadaye kaburini. Yaandikwe mbalimbali.

Majeneza ya risasi na jasi

Jeneza la risasi lisifunguliwe uwanjani. Lina uzito wa mamia ya kilo, vumbi lake ni sumu, na ndani kunaweza kuwa na nguo na nywele zitakazoharibika hewa ikiingia. Mwanamke wa Spitalfields, London, aliyepatikana mwaka 1999 ndani ya jeneza la risasi lililowekwa kwenye jeneza la jiwe, alifunguliwa kwenye jumba la makumbusho, wataalamu wakiwa wamejiandaa. Huko York baadhi ya maiti walimiminiwa jasi ya majimaji. Upande wa ndani wa jasi hiyo umebeba alama za nguo uzi kwa uzi, kwa hiyo vipande vyake vihesabiwe kuwa vitu vya thamani, visikwanguliwe ili kufika kwenye mifupa.

Hatua ya 7: Kunyanyua na kufunga

Mfupa usivutwe. Legeza udongo wa chini hadi ulale mkononi wenyewe. Mkono wa kushoto na wa kulia mifuko tofauti, mguu wa kushoto na wa kulia tofauti, mbavu za kila upande, fuvu, taya. Pingili za shingo ziwe na mfuko wake, zikifuatana. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu miaka 1700 baadaye ushahidi wa kukatwa kichwa ni alama za makali kwenye pingili hizo na kwenye pembe ya taya. Mifuko itobolewe ili ipumue, maana plastiki iliyofungwa ikiwa na unyevu huotesha ukungu kwa siku chache. Lebo mbili kwa kila mfuko, moja ndani na moja nje, kwa wino usiofutika.

Kama DNA itapimwa, mchimbaji avae glavu na barakoa tangu fuvu linapoonekana. Mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani ndio huhifadhi vinasaba bora, nao haupaswi kuoshwa. Usipake gundi wala dawa ya kuimarisha.

Hatua ya 8: Kuosha na kupima

Maji ya kawaida, bila sabuni, mswaki laini, juu ya wavu wa milimita 1. Usiloweke. Kausha kivulini kwenye trei zenye matundu. Ugaga wa meno usiguswe hata kidogo, humo mna wanga wa vyakula na DNA ya bakteria wa mdomoni. Nyonga na mifupa mirefu isisuguliwe kwa nguvu: mwaka 2025 watafiti walichapisha uchunguzi wa alama za meno kwenye nyonga ya mwanamume wa Driffield Terrace, wakazilinganisha na meno ya simba. Alama za namna hiyo hufutwa na mswaki mgumu kwa sekunde chache.

Vipimo vya elementi za strontiamu na oksijeni kwenye enameli huonyesha mtu alikokulia, kaboni na naitrojeni kwenye mfupa huonyesha alichokula. Chagua wa kupima kwa swali maalumu. Kupima wenye vitu vya kigeni tu kutakupa wageni tu.

Kusoma desturi bila kujidanganya

Kaburi la mashariki-magharibi lisilo na vitu mara nyingi hupewa jina la Kikristo. Tunaona hilo ni kosa. Wapagani wa karne ya 4 walizika hivyo pia, wengine walikuwa maskini, na mara nyingi mwelekeo ulifuata barabara au mpaka wa shamba. Tafuta ushahidi wa moja kwa moja, au uache swali wazi.

Waliokatwa vichwa wanahitaji uangalifu zaidi. Knobb's Farm, Cambridgeshire, kati ya maziko 52 walikuwa 17. Fleet Marston, Buckinghamshire, walikuwa karibu asilimia 10 ya maziko 425 hivi. Adhabu ya kifo ni jibu linalowezekana, na ibada baada ya kifo pia. Kinachoamua ni mwelekeo wa pigo, iwapo lilitoka mbele au nyuma, mara ngapi, na kama mfupa ulikuwa bado mbichi. Kichwa kilichowekwa kati ya miguu, jeneza likiwa la heshima na vyombo vikiwa kamili, hakielekei picha ya mhalifu aliyetupwa. Halikadhalika aliyelala kifudifudi: angalia kwanza kama jeneza liligeuka mikononi mwa wabebaji, kabla ya kuandika neno laana.

Hatua ya 9: Kuhifadhi

Sanduku moja la mifupa, mtu mmoja, fuvu likiwa na sanduku lake au juu ya mifupa mirefu, kamwe si chini. Vitu vya chuma vikae na vinyonya unyevu kwenye chombo kilichofungwa vizuri, mifupa isikae humo. Namba iliyo kwenye sanduku, kwenye fomu, kwenye picha na kwenye vitu iwe ileile, na kumbukumbu zote ziende jumba moja. Mwanamke aliyekutwa York mwaka 1901 na bangili za pembe za ndovu na za jiwe jeusi la jeti alipimwa upya na Chuo Kikuu cha Reading, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Fuvu na meno yake yalionyesha kuwa huenda alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini na hakukulia York. Vipimo hivyo viliwezekana kwa kuwa mifupa ilitunzwa kwa zaidi ya karne ikijulikana ni ya kaburi gani. Kwa hiyo lebo za mifuko zikaguliwe upya siku ya kukabidhi, mfuko kwa mfuko, na watu wawili: mmoja anasoma, mwingine anaweka alama kwenye orodha.